Kotapini moja imebaki kwenye kopo

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa miaka 24, naendesha bodaboda kati ya Nyandira, kule Mgeta, na Morogoro mjini. Pikipiki yangu ni Boxer 150 yenye breki za dramu mbele na nyuma. Fundi tuliyemzoea amehama, kwa hiyo Jumapili nilijitosa mwenyewe. Nimebadilisha cheni na sproketi zote mbili, breki shuu za nyuma, na tairi na tyubu ya mbele. Nilianza saa nne asubuhi, nikamaliza watu wanawasha taa. Nimezunguka nayo hapa kijijini na inatembea vizuri. Breki ya nyuma inashika, ingawa si kwa nguvu niliyoitegemea kwa shuu mpya. Kwenye kopo la nati imebaki kotapini moja (ile pini ya kukunjwa inayozuia nati isifunguke) na washa moja (ule mduara wa chuma unaokaa chini ya nati), sijui zilitoka wapi. Nitajuaje kama pikipiki iko salama kabla sijaanza kushuka mlima na abiria na mizigo?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Hongera kwa kazi ya siku nzima. Cheni, breki na tairi kwa mkupuo mmoja si kazi ndogo kwa mtu anayeanza.

Naanzia mwisho wa barua yako, maana jibu umeliweka mwenyewe pale uliposema kuna kotapini na washa zimebaki. Pikipiki hiyo haiko tayari. Usibebe mtu wala gunia la viazi mpaka vyuma hivyo viwili vijulikane vimetoka wapi. Pikipiki haina cha ziada. Kila washa iliwekwa na mtu aliyekuwa na sababu, na kila kotapini ipo kwa kuwa kuna nati ambayo aliyeitengeneza hakuiamini ikae peke yake.

Tuitafute pamoja. Nyuma ya pikipiki za aina yako kotapini hukaa sehemu chache. Ya kwanza ni kwenye bolti ya ule mkono wa chuma bapa unaotoka kwenye sahani ya breki (mfuniko wa dramu unaobeba shuu) kwenda kwenye swingamu (fremu ya nyuma inayoshika gurudumu). Ya pili ni kwenye kipini kinachounganisha kanyagio na fito ya breki, ule mchuma mrefu unaovuta breki ukikanyaga. Kwa pikipiki nyingine ipo pia kwenye nati ya ekseli, ile yenye mikato juu. Wewe ulifungua gurudumu la nyuma kufuata shuu na sproketi, kwa hiyo mkono wa sahani uliufungua. Mimi ningeanzia hapo, na nisingeshangaa kukuta ndipo penyewe.

Nieleze kwa nini ule mkono unanitia hofu kuliko kitu kingine chochote ulichogusa. Unapokanyaga breki, shuu zinatanuka na kuibana dramu inayozunguka. Dramu nayo inajaribu kuzibeba shuu hizo izunguke nazo, pamoja na sahani nzima iliyozishikilia. Kinachoizuia sahani isizunguke ni ule mkono tu. Nati yake ikilegea na kudondoka, breki ya kwanza ya nguvu inaigeuza sahani, fito inapindwa, na gurudumu linaweza kufunga ghafla wakati abiria yuko mgongoni kwako.

Hili silisemi kwa kusoma. Nikiwa bado najifunza kazi, kwenye gereji ambayo sitaitaja, nilikuwa narudisha gurudumu la nyuma la pikipiki ya mteja jioni, mvua inanyesha, mwenyewe amesimama juu yangu anataka kuondoka. Nati ya mkono wa sahani niliizungusha kwa vidole nikijiambia nitaimalizia kwa spana nikishaweka cheni. Sikuirudia. Kotapini yake niliikuta siku ya tatu ndani ya mfuko wa ovaroli, baada ya kusikia kwamba yule bwana amelazwa. Alikanyaga breki kumkwepa ng'ombe, gurudumu likafunga, akavunjika mtulinga. Nilikwenda hospitali kumwomba radhi. Alinisamehe, lakini tangu siku hiyo sijawahi kukabidhi pikipiki bila kuikagua upya kuanzia mwanzo, hata iwe kazi ya kubadilisha balbu.

Kutengeneza na kukagua ni kazi mbili. Ulipokuwa unatengeneza, akili yako ilikuwa kwenye kile kilichoharibika, ukitamani kiishe. Ulipomaliza gizani, macho yako yalikuwa yanaona ulichokusudia kufanya, hata pale ambapo mkono haukukifanya. Ndiyo maana ukaguzi usifanywe jioni ile ile. Lala, subiri mwanga wa asubuhi, na ukiweza mwite mwenzako wa kijiweni. Yeye asiguse kitu, ashike karatasi tu. Andika kila bolti, nati na pini uliyoifungua tangu saa nne, hata zile ulizofungua ili kupita tu. Mfuniko wa sproketi ya mbele. Nati za kurekebishia cheni. Kebo ya spidi mita. Fito ya breki. Mwenzako anasoma, wewe unaweka spana juu ya nati na kujibu ukiwa umeigusa, si kwa kukumbuka. Watu wengi hukagua walichobadilisha na kusahau walichofungua njiani, na huko njiani ndiko hatari inakobaki.

Nati ukishaihakikisha, ipige alama. Chovya kijiti kwenye rangi, hata rangi ya kucha inatosha, chora mstari mmoja unaoanzia kwenye nati na kuingia kwenye chuma kilicho jirani. Kesho na keshokutwa utaangalia kwa jicho tu. Mstari ukikatika, nati imezunguka. Hakuna kifaa cha bei ndogo kuliko hicho, na mimi natumia mpaka leo.

Kuhusu kukaza, ukipata spana ya kupimia mkazo na kitabu cha pikipiki yako, fuata namba za kitabu. Usipopata, tumia spana ya urefu wake wa kawaida na nguvu ya mkono, bila kuiongezea bomba. Nati ya ekseli inahitaji nguvu ya kweli. Bolti ndogo za spana namba 8 na 10 zinazoingia kwenye aluminiamu ya injini zikikazwa mpaka zilie huwa zimeshang'oa uzi, kisha zinalegea zenyewe huko barabarani. Na kotapini ya zamani usiirudishe, kwa maana chuma kilichokunjwa mara mbili kinakatika. Nimeona watu wanaweka msumari au waya wa kufungia nondo mahali pa kotapini. Msumari unachomoka, waya unalika taratibu kwa mtikisiko. Hapo sikubali.

Sasa, kwa kuwa gurudumu la nyuma utalifungua upya kufuata ile washa, tumia nafasi hiyo kuzitazama shuu. Umesema breki inashika kwa nguvu ndogo kuliko ulivyotegemea. Sababu zinaweza kuwa mbili, na hazifanani kabisa.

Ya kwanza haina ubaya. Shuu mpya haijalingana na mviringo wa dramu yako, ambayo imelika kwa miaka. Inagusa vipande vipande, labda kati tu au mwisho mmoja. Ukiitumia kwa upole italika mahali inapogusa mpaka igusane na dramu kote, na nguvu itaongezeka yenyewe.

Ya pili ni mafuta. Siku hiyo ulishika cheni mpya yenye grisi, ukashika ekseli yenye grisi, na shuu pia ulizishika. Alama ya kidole chenye grisi juu ya shuu inatosha kuipunguzia breki nguvu, na haitaisha kwa kutumia. Fungua uangalie. Uso wa shuu unatakiwa uwe mkavu na wenye rangi moja. Ukiona doa jeusi linalong'aa, na umekumbuka kuligusa, hizo shuu ziache ununue nyingine. Najua inauma, umetoka kuzinunua juzi. Wapo watakaokwambia uzioshe kwa petroli au uzichome kidogo kwa moto, lakini grisi iliyokwisha kunywewa na shuu inarudi juu joto likipanda, na joto litapanda ukiwa katikati ya mlima. Dramu yenyewe ipanguse kwa kitambaa safi kilicholowa. Lile vumbi la breki usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa, maana si la kuingia kwenye mapafu.

Kosa ninaloliona kila wakati ni mtu kuona breki mpya haishiki, kisha akaikaza nati ya fito mpaka shuu zikaanza kuigusa dramu muda wote. Kwa dakika chache anafurahi. Baada ya kilomita tano habu (kitovu cha gurudumu) imechemka na breki ni dhaifu kuliko mwanzo. Kanyagio linatakiwa liwe na nafasi ya kwenda bure sentimita mbili hadi tatu kabla breki haijaanza kushika, na ukiliachia gurudumu lizunguke huru. Litazame pia lile jino, yaani wenzo mdogo wa chuma unaovutwa na fito pale kwenye sahani. Ukikanyaga mpaka mwisho, pembe kati ya jino na fito isizidi nyuzi 90. Ikizidi, unakanyaga sana na shuu zinapata kidogo. Hutokea mtu akilirudisha jino hilo kwenye shafti yake kwa meno tofauti na yale ya mwanzo. Kwenye sahani nyingi kuna kimshale kinachoonyesha kulika kwa shuu. Kwa shuu mpya kimshale hicho hakitakiwi kuwa karibu na alama ya mwisho. Kikiwa karibu, kuna kitu kimefungwa vibaya au dramu imelika kupita kiasi.

Unaporudisha gurudumu kuna jambo ambalo mafundi wengi hawalisemi kwa sababu mikono yao inalifanya bila kufikiri. Kabla hujakaza nati ya ekseli kabisa, zungusha gurudumu, kanyaga breki kwa nguvu na mwenzako alishikilie kanyagio hivyo hivyo, kisha ndipo ukaze. Shuu zinaivuta sahani ikae katikati ya dramu. Baadaye unakaza mkono wa sahani na kuutia kotapini mpya. Mara nyingi breki iliyokuwa inalia au kushika upande mmoja inatulia kwa hilo tu.

Ukishakaza ekseli, lizungushe gurudumu kwa mkono. Kama lilikuwa linazunguka vizuri kabla ya kukaza na sasa limekuwa zito, usiendelee. Kuna bushi ya pembeni (kipande cha bomba kinachokaa kwenye ekseli) umeisahau au umeigeuza, na unazibana beringi kwa ubavu. Angalia kopo lako tena. Kisha shika tairi juu na chini ulitikise kushoto na kulia. Likicheza na kugonga, beringi imekwisha au haikuingia mpaka mwisho.

Cheni. Kama ulifunga cheni ya klipu, tazama klipu ikiwa upande wa juu wa cheni. Ule mwisho uliozibwa uelekee mbele, kwenye injini, na mdomo wake wazi uelekee nyuma. Upande wa juu cheni inakwenda mbele, kwa hiyo klipu ikikwaruzwa na kitu inazidi kuingia badala ya kuchomoka. Ibonyeze kwa kucha uone kama imekaa kwenye mifereji ya pini zote mbili. Cheni ikikatika inaweza kujikunja kwenye sproketi ya mbele na kupasua ukuta wa injini, au ikafunga gurudumu.

Ulegevu wake upime chini, katikati ya sproketi mbili. Kwa pikipiki nyingi za ukubwa wa yako ni kama sentimita mbili hadi tatu za kupanda na kushuka, na namba kamili iko kwenye kitabu. Usipime mahali pamoja tu. Zungusha gurudumu kidogo kidogo ukipima, kwa sababu cheni haina mkazo sawa mzunguko mzima, kisha rekebisha kwa kufuata pale palipokaza zaidi. Halafu kaa juu ya pikipiki, mwenzako akae nyuma, mtu wa tatu aiguse cheni. Lazima bado icheze kidogo. Nyinyi wa mlimani mnabeba uzito mkubwa, na cheni iliyoonekana nzuri ikiwa kwenye stendi inaweza kukaza kama waya mkishakaa wawili na tenga la karoti. Cheni ya namna hiyo inaila beringi ya shafti ya gia, na kuitengeneza beringi hiyo ni kupasua injini.

Alama za pande mbili za swingamu zilingane, lakini usiziamini peke yake. Chuchumaa nyuma ya gurudumu, funga jicho moja, fuata mstari wa cheni kutoka sproketi ya nyuma hadi ya mbele. Ikipinda unaiona. Sproketi ya nyuma hufungwa kwa nati kadhaa, na kwenye pikipiki nyingi kuna vibati vya kukunjwa juu ya nati hizo. Vibati visipokunjwa havina kazi. Sproketi ya mbele ina kibati chake kinachoizuia isichomoke kwenye shafti, kwa bolti mbili ndogo. Hapo ndipo mahali pengine ninapopashuku baada ya mkono wa sahani, kwa hiyo fungua tena ule mfuniko.

Mbele ulibadilisha tairi, na hapo kuna jambo moja linalobeba uhai wako wote. Sahani ya breki ya mbele haina ule mkono wa chuma bapa. Yenyewe ina mfereji, na shokapu ya mbele ina jino. Gurudumu linaporudishwa, jino lazima liingie ndani ya mfereji. Lisipoingia, gurudumu litakaa, ekseli itakaza, na pikipiki itatembea kabisa kama yako inavyotembea. Siku utakapokamata breki ya mbele kwa nguvu, sahani itazunguka na gurudumu, kebo itavutwa, gurudumu la mbele litafunga, na utaruka juu ya usukani. Piga magoti, washa tochi ya simu, ulione jino likiwa ndani ya mfereji. Usiseme nadhani liliingia. Lione.

Tairi lenyewe lina mshale ubavuni unaoonyesha linakozungukia. Lina pia mstari mwembamba kuuzunguka ukingo wa ringi. Mstari huo uwe umbali ule ule kutoka kwenye ringi mzunguko mzima. Ukizama mahali, tairi halijakaa. Toa upepo, paka maji ya sabuni, jaza tena. Shina la valvu lisimame wima. Likilala, tyubu imevutwa na itachanika shingoni. Upepo fuata kibandiko cha pikipiki yako. Kwa pikipiki za aina hii mara nyingi ni karibu na psi 25 mbele, na nyuma karibu na 28 ukiwa peke yako na 32 ukibeba. Jaza jioni, pima alfajiri kabla ya kutembea. Kama umeibana tyubu kwa chuma cha kubandulia tairi, mara nyingi tundu lake ni dogo, linavuja taratibu, na usiku mmoja ndio utakaolionyesha.

Halafu washa injini, iache kwenye sailensa, yaani ingurume polepole bila kuiongezea mafuta, ugeuze usukani mpaka mwisho kulia na mpaka mwisho kushoto. Mlio wa injini usibadilike hata kidogo. Mlio ukipanda, kebo ya mafuta imepita pabaya na inavutwa, na kwenye kona kali pikipiki itakuongezea mwendo yenyewe. Mkono wa mafuta ukiuachia ujirudishe wenyewe, usukani ukiwa upande wowote. Kanyaga breki ya nyuma, taa iwake; achia, izime. Swichi ya taa hiyo hufuata kanyagio, na ukirekebisha kanyagio bila kuigusa swichi, taa inaweza kuwaka muda wote au isiwake kabisa. Anayekufuata na lori hajui kwamba unafunga breki. Honi, indiketa na taa kubwa unazijua, zipitie tu.

Wasomaji wengine wenye breki ya diski mbele, kwenu nasema moja tu. Mkibadilisha pedi, pampu mkono wa breki mara kadhaa mpaka uwe mgumu kabla gurudumu halijatembea hata hatua moja. Pistoni mlizisukuma nyuma ili pedi mpya ziingie, na mkono ukivutwa mara ya kwanza hautashika kitu. Watu wamegonga ukuta wa gereji kwa kusahau hilo.

Sasa kujaribu. Wewe ulizunguka kijijini ukaona inatembea. Ulikuwa na pikipiki na mwili wako, tuseme kilo 180 jumla, mahali tambarare, mwendo mdogo. Ukishuka kuelekea Sangasanga na abiria na tenga la kabichi unaweza kuwa unakaribia kilo 300, na ardhi yenyewe inakusukuma. Kwa kilomita 40 kwa saa unapita mita 11 kila sekunde. Ulichojaribu si kazi unayokwenda kuifanya, kwa hiyo jaribio lipandishwe ngazi kwa ngazi.

Anza kwa kuisukuma injini ikiwa imezimwa, hatua kumi, ukikamata breki ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake. Sikiliza. Kisha uwanja wa shule jioni watoto wakiwa wameondoka, au kipande chochote tambarare kisicho na watu. Mwendo wa mtu anayetembea, breki moja moja. Halafu kilomita 20 kwa saa, halafu 30. Vaa helmeti na viatu, hata kama ni mita mia mbili. Ukipata mlio wa chuma, mtikisiko kwenye kanyagio, au pikipiki kuvuta upande, rudi nyumbani kwa kuikokota.

Uwanja huo huo ndipo pa kuzilainisha shuu mpya. Kutoka mwendo wa kilomita 30, kamata breki kwa upole mpaka karibu kusimama, kisha tembea kidogo ipoe, urudie mara 20 au 30. Usikanyage mpaka gurudumu lijiburute, maana unachotaka ni shuu ilike taratibu kufuata dramu. Kila baada ya mara kadhaa simama, sogeza kiganja karibu na habu bila kuigusa. Joto kidogo ni sawa. Ikiwa moto mkali na hujaitumia sana, shuu zinaburuza. Tairi jipya nalo lina utelezi wake wa kiwandani, kwa hiyo kilomita mia za kwanza usililaze kwenye kona, hasa barabara ikiwa na unyevu wa ukungu kama mnavyoujua huko.

Baada ya hapo funga gunia la mchanga la kilo 50 au 60 kwenye kiti cha nyuma. Gunia halina mama wala watoto. Rudia uwanjani, kisha shuka kipande kifupi cha mlima na kupanda tena. Weka gia ya pili kabla mteremko haujaanza, iache injini ishike uzito, na breki uzitumie kwa vipindi, si kuzilalia njia nzima. Breki ya dramu ikichemka inapoteza nguvu hata ikiwa imefungwa na fundi bora kuliko wote, na kuna vijana wanaoshuka wameweka fri (bila gia) ili kuokoa petroli. Nakuomba usiwe mmoja wao.

Kanyagio likibaki pale pale baada ya mteremko huo, na ile mistari ya rangi haijakatika, pikipiki inaweza kurudi kazini. Ukifikisha kilomita 50 kaza upya na kupima cheni, kwa sababu cheni mpya hulegea mapema kuliko utakavyodhani, na shuu zikishalainika nafasi ya kanyagio itaongezeka. Rudia tena baada ya wiki moja ya kazi. Spoku za mbele zigonge kwa spana ndogo moja moja. Inayotoa sauti butu tofauti na wenzake imelegea. Kuzinyoosha ringi kwa spoku mwenyewe sikushauri bado. Hiyo ipeleke mjini kwa fundi, pamoja na usukani ukianza kugonga au kukwama katikati.

Nunua kotapini mpya mbili za unene ule ule, moja ufunge na nyingine iwe ya akiba chini ya kiti. Na ukishaikuta ile washa ilikotoka, niandikie. Mimi naamini ni kwenye mkono wa sahani, lakini kama ni kwenye sproketi ya mbele nataka kujua, kwa sababu itabidi tuongee pia kuhusu shafti.